Kusimama si kazi ya miguu peke yake: tafiti mbili zikisomwa kutoka Karatu

Kuna tafiti mbili ambazo napenda kuziweka meza moja na kuzisoma kwa zamu, kwa sababu zinabishana. Ya kwanza ni ya Italia, mwaka 2000, ya Antonio Nardone, Marco Schieppati na wenzao. Ya pili ni ya kundi la Nijmegen, Uholanzi, mwaka 2010, mwandishi wa kwanza akiwa van der Linden. Zote mbili ziliwasimamisha watu wenye ugonjwa wa neva wa kurithi na kupima wanavyoyumba. Waitaliano wakatoka na jibu kwamba kupotea kwa neva nene za hisia hakumharibii mtu kusimama. Waholanzi wakatoka na jibu kwamba kuyumba kwa watu hawa kunafungamana sana na kupungua kwa hisia.

Sasa wewe ushike lipi?

Mimi nimekulia Karatu, na kila nikizisoma najikuta nauliza swali jingine kabisa: je, zinamsaidia nini mtu wa Rhotia, Mang'ola au Endulen ambaye miguu imeanza kumkatalia? Jibu langu ni kwamba zinamsaidia sana, ila kwa sharti kwamba tusizimeze nzima nzima. Zina kasoro, na kasoro zenyewe zinafundisha kuliko matokeo.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Unaitwa Charcot-Marie-Tooth, kwa kifupi CMT. (Usicheke jina. Tooth alikuwa daktari Mwingereza, Howard Henry Tooth. Hakuna jino linalohusika.) Yeye huko Uingereza na Jean-Martin Charcot pamoja na Pierre Marie huko Paris waliueleza mwaka uleule, 1886. Leo tunajua kwamba CMT ni ukoo mzima wa magonjwa, na jeni zinazohusika ni nyingi. Aina inayojulikana zaidi ni CMT1A. Hapo mtu ana kipande cha kromosomu ya 17 kilichojirudia, kwa hiyo anakuwa na nakala tatu za jeni iitwayo PMP22 badala ya mbili. Jeni hiyo inahusika na ganda la neva, lile la mayelini. Ukitaka picha, fikiria waya wa umeme ambao plastiki yake haikushika vizuri tangu kiwandani: umeme unapita, lakini kwa shida, na kadiri waya unavyokuwa mrefu ndivyo hasara inavyozidi.

Neva ndefu kuliko zote mwilini ni zile zinazofika kwenye nyayo. Ndiyo maana ugonjwa unaanzia chini. Unyayo unapinda juu katikati kama daraja, vidole vinajikunja, mashavu ya miguu yanakonda, kifundo kinateguka mara kwa mara, na ncha ya mguu inaning'inia. Mtu anaanza kuinua magoti juu anapotembea kama anayevuka korongo lenye maji. Baadaye, si wote, mikono nayo inafuata: vifungo vya shati vinakuwa kazi.

Ukipima mwendo wa habari kwenye neva za mkono wa mtu mzima mwenye afya, utapata mita 50 kwa sekunde au zaidi. Madaktari wanaweka mpaka kwenye mita 38. Chini ya hapo, ganda la neva ndilo linalotiliwa shaka. Kwenye CMT1A kukuta mita 20 ni jambo la kawaida. Fanya hesabu ya darasa la saba, tukikopa kasi hizo kwa ajili ya mguu. Kutoka unyayo hadi uti wa mgongo ni kama mita moja. Kwa mita 50 kwa sekunde, habari "tunaanguka mbele" inafika kwa milisekunde 20. Kwa mita 20, inafika kwa milisekunde 50. Amri ya kurudi chini nayo inapita njia iliyochakaa vilevile. Safari nzima, kwenda na kurudi, ni 40 kwa mmoja na 100 kwa mwingine, na hapo bado hatujahesabu muda wa uti wa mgongo na ubongo kufanya kazi yao.

Milisekunde 60 zina shida gani? Jaribu kusimamisha mpini wa jembe kwenye kiganja chako. Mpini hausimami; unaanguka muda wote, na wewe unaufuata kabla haujaenda mbali. Mwili uliosimama ni mpini huo. Uzito wake unaangukia mbele kidogo ya vifundo, kwa hiyo misuli ya mashavu ya miguu inavuta muda wote, kidogokidogo, tuli huku ukidhani umetulia. Hebu simama karibu na ukuta sasa hivi, vua viatu, unganisha miguu, fumba macho. Unasikia nyayo zinavyofanya kazi? Hilo ni jaribio la Romberg, daktari wa Berlin wa karne ya 19. Macho yakiwa wazi una vyanzo vitatu vya habari: macho, sikio la ndani, na miguu yenyewe. Ukifumba, unabaki na viwili. Asiye na habari kutoka miguuni anabaki na sikio peke yake, na anayumba kama mti.

Turudi kwa Waitaliano. Hoja yao ni nzuri na nitaitetea kabla ya kuikosoa. Walichukua watu wenye CMT1A, ambao neva zao zilizoharibika zaidi ni zile nene zenye ganda kubwa, na katika hoja hiyo wanalinganishwa na watu wenye kisukari, ambao uharibifu wao unashika pia neva nyembamba. Wa CMT1A wakasimama karibu sawa na watu wenye afya. Wa kisukari huyumba zaidi. Wakahitimisha kwamba habari inayotusimamisha wima haiji kwa neva nene tu, kama vitabu vilivyosema kwa miaka mingi. Kuna nyingine, nyembamba na za polepole, zinazobeba mzigo. Ni hitimisho la ujasiri, na liliwafungulia watu mlango.

Lakini angalia wanaolinganishwa. Mwenye CMT1A amezaliwa na neva zake. Alijifunza kusimama akiwa na mwaka mmoja kwa kutumia habari zinazochelewa. Ubongo wake haujawahi kujua habari za haraka. Mwenye kisukari alisimama vizuri kwa miaka 40 au 50, halafu akaibiwa hisia akiwa mtu mzima, na mara nyingi ana maumivu juu yake. Tofauti kati ya makundi haya mawili inaweza kuwa ya unene wa neva. Inaweza pia kuwa ya uzoefu. Ni sawa na kumlinganisha mzee aliyezaliwa kipofu na aliyepoteza macho mwaka jana, uwape wote fimbo, kisha useme umegundua kitu kuhusu jicho.

Kasoro ya pili ni kazi waliyopewa. Kusimama kimya kwenye sakafu bapa hakuhitaji nguvu nyingi. Misuli ya mbele ya mguu, inayoinua unyayo, ndiyo inayodhoofika mapema kwenye CMT, na katika kusimama kimya karibu haitumiki; ya nyuma, inayobeba kazi hiyo, mara nyingi inadhoofika baadaye. Kwa hiyo ukimpa mtu mtihani usiogusa alipodhoofika, atafaulu. Umempima Kiswahili mtoto aliyefeli hesabu.

Waholanzi nao? Wao wamekaa karibu zaidi na malalamiko ya wagonjwa. Mtu mwenye CMT mara nyingi atakuambia kwamba kutembea kuna afadhali kuliko kusimama palepale. Kwenye foleni anahamisha miguu huku na huku, anatafuta nguzo ya kuegemea. Kundi la Nijmegen lilikubali kwamba hili ni tatizo la kweli la mizani, likatafuta chanzo, na likakuta kwamba hisia ndiyo inayofuatana nalo zaidi. Kipimo kimoja cha hisia ya aina hii unaweza kukibeba mfukoni: chuma chenye meno mawili kama uma, unakigonga kinatetemeka, unakiweka kwenye mfupa wa kidole gumba cha mguu na kuuliza, "unasikia inatetemeka?"

Ninalolikosoa hapa ni neno "kufungamana". Hisia na nguvu kwenye CMT zinashuka pamoja, kwa sababu nyuzi zao zinapita kwenye neva zilezile na zinaathiriwa na jeni ileile. Ukikuta moja inafuatana na kuyumba kuliko nyingine, huenda umegundua chanzo. Huenda pia umegundua tu kwamba moja imepimwa vizuri kuliko nyingine. Nguvu ya mguu ikipimwa kwa mkono wa mpimaji ina ubishi mwingi: mpimaji mwenye mikono ya kulimia na mpimaji mwenye mikono ya kushika kalamu hawatoi alama moja.

Lakini kasoro kubwa wanaigawana wote, na hii ndiyo iliyonifanya niandike. Sakafu.

Maabara ina sakafu bapa, taa inawaka, mtu yuko pekupeku au na soksi, anaambiwa "simama usitikisike". Sasa hamisha mtu huyohuyo hadi Karatu mwezi wa nne. Udongo wetu mwekundu ukinyeshewa unashika ndala, na ukivuta mguu ndala inabaki. Mwenye hisia anajua mara moja. Mwenye CMT anaweza kuendelea hatua tatu bila kujua kwamba ndala imevuka, na akikanyaga jiwe hajui mpaka aone damu. Kutoka mjini kwenda lango la Lodoare barabara ni ya lami, lakini nyumba haziko kwenye lami. Ziko mteremkoni, na kwenye mteremko kifundo kinafanya kazi ya pembeni ambayo bamba la maabara halikuiuliza. Kisha jua likizama, giza linaingia haraka, kama ilivyo kwetu karibu na ikweta. Yule aliyekuwa anasimama kwa msaada wa macho mchana kutwa ananyang'anywa macho. Saa 2 usiku njia ya kwenda chooni ni jaribio la Romberg lenye mawe.

Na chooni kwenyewe kuna kuchuchumaa. Mtoto mwenye CMT mara nyingi kano ya kisigino imekaza, kisigino hakifiki chini akichuchumaa, anabaki kwenye vidole, na asiposhika kitu anarudi nyuma. Vipimo vingi vya fiziotherapia vinamuuliza mtu anavyoinuka kutoka kwenye kiti. Ni swali zuri kwa Nijmegen. Karatu uliza anavyoinuka kutoka chini. Si jambo la Wahadzabe wa Eyasi peke yao, ingawa wao ndio waliopimwa: David Raichlen na wenzake waliandika mwaka 2020 kwamba Wahadzabe wanapumzika karibu saa 10 kwa siku, kama watu wa mijini tu, ila sehemu ya muda huo wamechuchumaa au wamepiga magoti, na misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi. Ukikosa uwezo wa kuchuchumaa huku kwetu umekosa choo, jiko la mafiga, kupalilia, kukamua na nusu ya mazungumzo.

Upande mwingine, mazingira yetu yana kitu ambacho maabara zilikichelewa: fimbo. Mwaka 1994 John Jeka na James Lackner walionyesha kwamba mtu akigusa kitu kilichotulia kwa ncha ya kidole, kwa nguvu ndogo isiyozidi uzito wa gramu 100 hivi, kuyumba kwake kunapungua sana. Gramu 100 haziwezi kumzuia mtu asianguke. Hazimshikilii, zinamwarifu. Kidole kinauambia ubongo mwili unaelekea wapi. Ruth Dickstein, Charlotte Shupert na Fay Horak mwaka 2001 wakaonyesha kwamba msaada huo unawafikia pia watu ambao neva za miguu yao zimeharibika. Sasa mtazame mfugaji wa Ngorongoro aliyesimama na ng'ombe, fimbo mkononi, mguu mmoja umepumzishwa juu ya mwingine. Tunamwona ameegemea. Kwa lugha ya tafiti hizi, fimbo ni kiungo chake cha tatu cha hisia, na mkono uko karibu na ubongo kuliko unyayo, tena mkono unaharibika baadaye.

Hilo lina upande wake wa shida. Mahali ambapo kila mwanaume anatembea na fimbo, anayeihitaji hatambuliki. Anaweza kufika miaka 40 bila mtu kumuuliza kwa nini haiachi hata ndani ya nyumba. Mwanamke je, ambaye mikono yake ina ndoo na mzigo wa kuni? Yeye hana mkono wa ziada wa kumwarifu, na ndiye wa kwanza kuonekana "anaanguka ovyo".

Nisiache kutaja Laetoli, maana ukisema neno "kusimama" hapa kwetu watu wanaangalia huko. Iko ndani ya eneo la hifadhi ya Ngorongoro, kilomita 45 hivi kusini mwa Oldupai. Timu ya Mary Leakey ilikuta nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili, kwenye jivu la volkano, miaka milioni 3.66 iliyopita. Mwaka 2016 Fidelis Masao, Elgidius Ichumbaki na wenzao wakatangaza nyayo nyingine za eneo hilohilo. Ni fahari yetu, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni jinsi tunavyoisimulia. Waongoza watalii, vitabu vya shule, hata sisi wenye blogu, tunasema "walianza kusimama" halafu tunaonyesha mfupa: kisigino, kidole gumba, nyonga. Mfupa unabaki kwa sababu ni mfupa. Neva iliyokuwa inasoma lile jivu bichi chini ya unyayo haikuacha alama, basi tunasimulia kana kwamba haikuwepo.

Mfano mzuri ni nyayo za Kituo A. Zilikutwa miaka ya 1970, baadhi ya watu wakadhani ni za dubu, zikasahaulika. Zikafukuliwa upya mwaka 2019, na mwaka 2021 Ellison McNutt na wenzake wakaandika katika jarida la Nature kwamba ni za kiumbe wa miguu miwili aliyekuwa anavusha mguu mmoja mbele ya mwingine, kama mwanamitindo jukwaani. McNutt alieleza kwamba watu wa leo nao huvusha mguu hivyo wanapotaka kurudisha mizani. Mjadala mwingi uliofuata ukawa: ni spishi gani? Mimi sentensi ya mizani ndiyo iliyonishika. (Sisemi kiumbe yule alikuwa na CMT. Tafadhali usininukuu hivyo.) Nasema kwamba hatua ni jibu, na swali linatoka ardhini kupitia neva. Ukisoma nyayo bila kuuliza ardhi ilikuwa inateleza kiasi gani, umesoma jibu bila swali.

Twende zahanati sasa, maana huko ndiko jambo hili linauma.

Mtu anakuja, anasema "miguu haina nguvu". Kiswahili kinampa maneno mawili makubwa: kukosa nguvu, na kufa ganzi. Mhudumu anauliza, "unasikia ganzi?" Mgonjwa anajibu hapana. Inaandikwa: hisia sawa. Lakini ganzi ni kitu kilichoondoka. Ili useme miguu imekufa ganzi lazima uwe umewahi kuisikia ikiwa hai. Aliyezaliwa na CMT hana cha kulinganisha. Wengi hawalalamiki ganzi hata kidogo, ilhali ukiweka kile chuma kinachotetemeka kwenye kidole gumba hawasikii kitu. Hapa Waholanzi wananisaidia kuliko Waitaliano: hisia ipimwe, isiulizwe tu. Swali la kuuliza ni la mambo yanayotokea. Ndala zinakuvuka bila kujua? Ukinawa uso asubuhi, macho umefumba, unapepesuka? Usiku unaanguka kuliko mchana?

Tena mashariki mwa Afrika miguu ina maelezo mengi yanayosubiri, na kila moja linaweza kuwa kweli. Kuna polio ya zamani, lakini hiyo kwa kawaida inashika mguu mmoja kuliko mwingine na hisia inabaki. Kuna maji yenye fluoraidi, jambo linalojulikana sana mkoani Arusha. Matege na mifupa iliyopinda ya watoto wanaofikishwa Plaster House, kule Arusha, ni kazi yake kwa sehemu. Kuna konzo, ya mihogo isiyoandaliwa vizuri, iliyozuka Tarime mwaka 1985 na kuelezwa na William Howlett na wenzake; hiyo inakaza miguu ghafla, haiilegezi taratibu. Kuna kisukari, kuna pombe, kuna isoniazidi ya kifua kikuu inayomaliza vitamini B6. Hii ya mwisho ndiyo inayohalalisha vitamini. Kwenye CMT haiponyeshi. Hata vitamini C, iliyoonyesha matumaini kwa panya, ilijaribiwa kwa watu wenye CMT1A kwa miaka miwili huko Italia na Uingereza, Davide Pareyson na wenzake wakaripoti mwaka 2011 kwamba haikuleta nafuu. Ukiuziwa sindano za "kurudisha neva" kwa ugonjwa huu, jua unachonunua.

Kinachoitofautisha CMT na hao wote ni ukoo. Mwenye CMT1A ana nafasi nusu kwa nusu ya kumrithisha kila mtoto, wa kike au wa kiume. Kwa hiyo kipimo cha bei nafuu kuliko vyote ni kumwomba mama aliyemleta mtoto avue viatu naye. Nyayo zilizopinda za mama, na picha ya babu aliyekuwa "anatembea kama korongo", zinaweza kusema mengi kabla ya kipimo chochote cha jeni. Si kila mara, maana wapo wanaokuwa wa kwanza katika familia. Ila watu wengi hawalitaji kwa sababu hawalioni kama ugonjwa. Ni miguu ya kwao, kama pua ya kwao.

Ni wangapi? Utasikia mtu mmoja kati ya 2,500. Namba hiyo imetoka magharibi mwa Norway, kwenye utafiti wa Skre wa mwaka 1974. Ukiigawia sensa yetu ya 2022, watu milioni 61.7, unapata karibu 25,000. Hesabu ni rahisi na ndiyo maana siiamini: ni Wanorway waliozidishwa. Mapitio ya tafiti za CMT barani Afrika, yaliyochapishwa mwaka 2022 na Abdoulaye Yalcouyé wa Mali na wenzake, yanaonyesha kwamba taarifa nyingi zimetoka Afrika Kaskazini. Mali yenyewe imejenga kazi nzuri ya magonjwa ya neva ya kurithi huko Bamako. Kwetu kazi hiyo haihitaji kuanzia kwenye mashine ya jeni. Karatu ina hospitali ya FAME, ambako madaktari wa neva kutoka University of Pennsylvania wamekuwa wakija kwa miaka mingi kufanya kliniki na wenzao wa hapa. Moshi kuna KCMC, na ndani yake TATCOT, chuo kilichoanza 1981 kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kushikilia miguu. Kifaa chepesi cha plastiki kinachoinua ncha ya unyayo hakiponyi neva, lakini kinamzuia mtu kujikwaa, na kwa kugusa shavu la mguu kinamwarifu pia, kama fimbo.

Na kuna sababu moja ya haraka ya kuulizana. Vinkristini ni dawa ya saratani inayotumika sana kwa watoto wetu, ikiwemo kwenye ile lymphoma iliyopewa jina la Denis Burkitt, aliyeieleza akiwa Uganda mwaka 1958. Inaokoa maisha. Kwa mtu mwenye CMT1A inaweza kumlegeza miguu na mikono vibaya, wakati mwingine baada ya dozi chache tu, na kuna familia zilizogundua ugonjwa wao kwa njia hiyo. Hii haimaanishi ukatae tiba. Inamaanisha mtoto akilazwa, sema: kwetu kuna watu wenye miguu hii. Daktari atajua la kufanya na habari hiyo, ilimradi aipate kabla ya chupa kutundikwa.

Kama kuna mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada, mimi ningeupanga utafiti hivi. Niache bamba. Nichague mteremko mmoja wa udongo, mkavu na uliolowa. Nipime watu mchana na baada ya saa 1 usiku, wakiwa na ndala na wakiwa pekupeku, wakisimama, wakichuchumaa na kuinuka, mikono mitupu na wakiwa na ndoo ya lita 10. Halafu niwape fimbo yenye kipimo kidogo cha uzito kwenye kitako chake, nione ni gramu ngapi wanaweka juu yake. Zikiwa kilo kadhaa, tatizo kubwa ni nguvu. Zikiwa gramu 100, wanaitumia kusikiliza ardhi, na huyo ukimpa mazoezi ya misuli peke yake umemtibu nusu.